Chupa ya Tatu Kwenda Ngulyati

Wenzangu wa kwaya, tangu nirudi hamnipi nafasi hata ya kumeza mate. Kila mmoja ananivuta pembeni baada ya ibada: "Shangazi Yudita, ilikuwaje huko Usukumani?" Nimesimulia mara sita, na kila mara Mama Neema ananirudisha mwanzo kwa sababu amechelewa kufika. Sasa nimekaa nimeandika. Anayetaka asome, asiyetaka akachume mlenda. Habari za tiketi na kupanga foleni naziruka, maana hakuna aliyewahi kuburudika kwa foleni.

Nyumbani Mpunguzi

Mizabibu ya marehemu baba mnaijua. Iko nyuma ya nyumba, mashina yamekuwa manene kama mkono wa mtwangaji, na hakuna hata mmoja uliowahi kupigwa dawa ya dukani. Baba aliweka samadi ya mbuzi na majivu, na wadudu aliwatoa kwa mkono, au tuseme tuliwatoa sisi watoto. Mimi ndiye niliyechota maji ya kuinywesha, ndoo kichwani, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Siku hizi watu wanaita kilimo hai na wanapewa vyeti. Sisi tuliita adhabu.

Mwaka aliozaliwa Yona, mtoto wa kaka yangu Petro, baba alitengeneza mvinyo wa namna ya pekee aliofundishwa na bruda mmoja wa misheni. Maji ya zabibu yakiwa katikati ya kuchacha, unayamwagia pombe kali iliyotokana na zabibu zenyewe. Kuchacha kunakoma palepale, sukari inabaki, nguvu inaongezeka. Mvinyo wa hivyo hauharibiki. Unakaa miaka na miaka ukizidi kuwa mweusi na mtamu. Baba alijaza chupa chache, akazipiga vizibo na nta, akasema zifunguliwe Yona akioa. Hadi mwaka huu zilikuwa zimebaki tatu, na sitasema nyingine zilikwenda wapi kwa sababu Petro naye anajua kusoma.

Yona anafanya kazi Bariadi, mambo ya maji. Huko akampata Kabula, binti wa Mzee Masanja, mkulima wa pamba wa Ngulyati. Siku ya kujitambulisha, kijana akajisifu mbele ya bibi yake Kabula, anaitwa Bibi Minza, kwamba babu yake alimwachia mvinyo wenye umri sawa na wake. Pale nyumbani Bibi Minza akikohoa, wote wanakaa kimya. Akasema, "Uleteni tuuone. Ukifika, tutapanga siku ya ndoa."

Chupa ya kwanza aliibeba Petro mwenyewe. Ilifika Singida. Pale kuna kuku wa kienyeji, na Petro akiona kuku akili inamtoka. Ya pili alipewa binamu yetu Lazaro. Alirudi akisema ameibiwa, lakini kwa jinsi alivyosimulia utamu wa kitu kilichoibiwa, tulielewa. Bibi Minza akatuma salamu kwamba Wagogo ni waongo, na kwamba kuna mchumba mwingine wa Mwanhuzi, mwenye ng'ombe wengi, ameshaanza kupita pale kusalimia. Yona alinipigia simu analia. Mwanamume wa miaka thelathini na moja, analia kama aliyeachishwa ziwa jana.

Kikao cha ukoo kikaamua chupa ya tatu, ya mwisho, ibebwe na mtu asiyekunywa. Wote wakanigeukia. Mume wangu Elia, Mungu amrehemu, alikunywa fungu lake, na langu, na la watoto. Mimi hata kabla yake sikuwahi kutia kilevi mdomoni, na siku tuliyomzika niliwaapia wanangu pale kaburini kwamba nitakufa bila kuijua ladha yake. Imetimia miaka ishirini na miwili. Hasira zangu pia mnazijua, kwa hiyo Petro alinipa onyo moja tu. "Dada, wale ni watani zetu. Watakuchokoza. Ukikasirika umeshindwa, na sisi wote tumeshindwa."

Dodoma hadi mlima Sekenke

Mvinyo wa umri ule una mashapo, yaani unga mweusi unaotuama chini ya chupa. Ukitikiswa unavurugika, na unaharibu kinywaji chote. Nikaisimamisha chupa ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko, nikashindilia makapi ya uwele pembeni, nikafunga kanga juu. Kondakta akataka ndoo iende kwenye buti. Nikamwambia ndoo ikienda kwenye buti na mimi naenda kwenye buti. Alinipima kwa macho, akaona sitatosha, akaniacha.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mtu wa Tanga, Bwana Hamisi, amepangiwa kazi Mwanhuzi kukagua mashamba ya pamba ya kilimo hai. Mpole, kanzu safi, maneno yamepangwa kama vikombe kabatini.

"Mama, niwie radhi," akasema tulipopita Bahi. "Ndani ya ndoo mna kuku?"

"Hamna."

"Asali?"

"Hamna."

"Basi mna nini, ili na mimi ninyooshe miguu kwa amani?"

Nikamwambia ukweli. Miguu akaivuta hadi chini ya kiti, akatazama kitambaa cha kwaya kichwani mwangu, akatazama ndoo, akatazama tena kitambaa. Ikabidi nimsimulie yote, ya Petro, ya Lazaro, ya Bibi Minza, hadi ya Elia. Tulipofika Manyoni alikuwa anacheka hadi anajifuta machozi. Kisha ukaguzi ukamjia, maana mtu na kazi yake.

"Mizabibu yenyewe mnaipiga dawa gani?"

"Hakuna. Samadi na majivu."

"Na wadudu je, nani aliwadhibiti?"

"Mimi."

Akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote, nadhani kama angekuwa na cheti mfukoni angenipa palepale.

Singida nilikula kuku. Petro nimemlaumu sana, lakini yule kuku kweli ana jambo lake.

Kwenye mlima Sekenke gari likakohoa mara mbili, likasimama. Dereva akashuka, akafungua nyuma, akatazama kwa muda mrefu bila kusema, na hapo kila mtu akajua tutalala njaa. Tulikaa saa nne. Watu walishuka kuchimba dawa vichakani, wanawake upande huu, wanaume upande ule, nami nikashikwa na haja kama binadamu yeyote. Sasa ndoo nimwachie nani?

Bwana Hamisi akaniona ninavyohangaika. "Mimi kilevi sishiki, Mama," akasema. "Lakini ndoo nashika."

Niliporudi nikamkuta amesimama kando ya barabara, ameinyoosha mikono mbele ndoo isimguse kanzu, na abiria kama kumi wamemzunguka. Alikuwa anawapa somo la samadi. Jamaa mmoja mwenye kofia ya pama alikuwa anambembeleza aonje kidogo tu, kuhakikisha haijaharibika kwa jua. Bwana Hamisi akamjibu taratibu, "Ndugu yangu, waliohakikisha kabla yako ndio waliotufikisha hapa."

Shinyanga, nusura

Kwa sababu ya Sekenke tulifika Shinyanga tumechelewa, tukalala. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama mkarimu kupita kiasi. Asubuhi nilikwenda kuoga nikarudi nikakuta ndoo iko wazi, makapi yamebaki peke yake. Nikamkimbilia mwenye nyumba jikoni.

"Mayo, nimekuwekea kwenye friji," akasema akitabasamu, na mayo kwao ni mama. "Soda yako ingechemka na joto hili."

Alikuwa ameilaza chali katikati ya soda na samaki wabichi. Hasira ilinipanda kutoka unyayoni. Nikafungua mdomo, nikamwona amenitengea uji wa ulezi na maandazi manne bila kuombwa, nikaufunga mdomo. Nilimwambia wabeja, hilo nilikuwa nimeshajifunza, maana yake ahsante. Nikaitoa chupa polepole, ikinuka samaki kidogo, nikairudisha kwenye makapi. Yale maandazi niliyamaliza yote.

Maswa tukaagana na Bwana Hamisi, yeye akichukua njia ya kwenda Mwanhuzi. Akaniambia, "Huyo mchumba mwenye ng'ombe wengi, nikikutana naye nitakagua shamba lake kwa makini sana." Ni utani tu, lakini ulinifariji.

Bariadi, siku mbili za kutazama chupa

Yona anaishi chumba na sebule. Chupa tuliisimamisha mezani mashapo yatuame upya, maana friji ya Shinyanga ilikuwa imeyavuruga. Ilihitaji siku mbili. Yona alitangaza kwa wapangaji wote kwamba isiguswe, na mtu akikuambia kitu kisiguswe unakwenda kukitazama. Walipita mmojammoja wakisalimia, macho mezani. Nami, kwa kuogopa yaliyowapata Petro na Lazaro, nikafunga mlango kwa ufunguo na kushusha pazia.

Sikujua kwamba mpangaji mmoja ni mtu wa Ngulyati, na kwamba habari za chumba kilichofungwa zilifika kabla yetu.

Ngulyati

Tulifika asubuhi ya tatu kwa gari la kukodi. Pamba ilikuwa imeshavunwa, mabua yamesimama makavu pande zote. Nikakumbuka adabu, nikawasalimu kwa lugha yao, "Mwangaluka," wakaitikia kwa furaha, kisha mara moja wakaanza.

Shangazi yake Kabula, mwanamke mrefu anaitwa Holo, alinitandikia mkeka juani wakati wenzake wote wako kivulini. "Kaa hapo, mtani. Wagogo mmezoea kukaa juani barabarani mkinyoosha mikono. Leo mmekuja kuomba nini?"

Wote wakaangua kicheko. Mimi ulimi niliuma hadi nikasikia chumvi. Nikamjibu, "Leo tumekuja kutoa. Tumesikia hali zenu." Wakacheka zaidi, Holo akanivuta mwenyewe kivulini, na chakula kikaja: michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, iliyochemshwa na karanga, ugali mkubwa kama kichuguu, maziwa ya mgando, kuku. Nikasema moyoni, kumbe Petro alihofia bure, mimi naweza.

Kisha Bibi Minza akakohoa.

Alikuwa kwenye kigoda, mdogo, mkavu, shanga moja ya bluu shingoni. "Mgogo," akasema, "kiko wapi?"

Nikafungua ndoo. Nilimkatalia Mzee Masanja alipotaka kunisaidia, kwa hofu ya kutikisa. Nikang'oa kizibo taratibu, nikatandaza kitambaa cheupe juu ya birika, nikamimina kidogokidogo nikichuja. Mashapo yalipokaribia shingo ya chupa nikaacha. Ndivyo alivyokuwa akifanya baba. Nikajaza kikombe, nikampelekea Bibi kwa mikono miwili, nikipiga goti.

Hakukipokea. Aliomba chupa, akaiinua kwenye jua. "Hiki cheusi huku chini ni nini?"

"Mashapo, Bibi. Ni uzee wake tu."

"Mbona umekikwepa?"

Hakungoja jibu. Bibi akawageukia watu wake. "Mwanamke anatoka mbali na chupa nyeusi. Hataki iguswe. Hataki itikiswe. Amejifungia nayo Bariadi siku mbili, pazia limeshushwa. Sasa anachuja kwa kitambaa cheupe, na kuna kitu ameacha chini. Nyinyi mnasemaje?"

Nami nilivyosikia yamepangwa hivyo, ningesema hivyohivyo.

"Dawa," Holo akasema, na safari hii hakucheka.

"Wanataka kumfunga mtoto wetu," mwingine akaongeza.

Mzee Masanja akanieleza kwa upole, akionekana hapendi jambo lenyewe. "Mama, sisi hapa aliyeleta kinywaji ndiye anayeanza kunywa. Akinywa, maneno yameisha. Usipokunywa, itabidi mrudi nacho, na habari ya huyu binti iishe."

Yona akaruka, "Mimi nitaanza."

"Wewe kaa," Bibi akamwambia. "Kwa ajili ya Kabula utakunywa hata mafuta ya taa."

Nilimtazama Yona. Nikamfikiria Elia amelala mlangoni na kiatu kimoja. Nikawafikiria wanangu pale kaburini. Na hapo hasira niliyoibana tangu Dodoma ikatoka yote.

"Nimeikumbatia chupa hii siku zote hizi," nikasema, na sauti yangu nadhani ilifika Bariadi. "Nimepanda nayo Sekenke, nimeitoa kwenye samaki. Walioonja kabla yangu hawakufika hapa! Mimi nimefika kwa sababu sinywi. Mume wangu alikufa kwa pombe, nikaapa mbele ya watoto wangu juu ya kaburi lake. Sasa mnaniambia ninywe ndipo muamini nilichobeba. Asiyekunywa angewafikishia, anayekunywa asingewafikishia, nyinyi mnataka nani?"

Nilipomaliza ndipo nikakumbuka onyo la Petro. Nilikuwa nimekasirika mbele ya watani. Hakuna aliyecheka. Yona aliinamisha kichwa, nami nikajua nimeiharibu ndoa ya mtoto wa kaka yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Bibi Minza akanyoosha mkono kwenye kikombe. "Kiapo cha kaburini hakichezewi," akasema. "Mimi ni mzee, hata kama ni dawa haina kikubwa cha kuharibu. Nitaanza mimi."

Alipokinyanyua, mvinyo ukamwagika kidogo kwenye kanga yake. Haukuwa utani tena. Alikuwa anaogopa, anaamini kabisa kwamba huenda kile kikombe kina kitu, na bado anakinyanyua ili mimi nisivunje neno langu. Holo alianza kulia chinichini. Nami nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Bibi wa watu ajitoe roho mbele yangu, mimi nimesimama na kiapo changu safi?

Nikamnyang'anya kikombe, nikanywa chote.

Niwaambie ukweli, wenzangu, kilikuwa kitamu. Kama zabibu zilizokauka juani, na asali iliyoungua kidogo, kisha moto ukashuka kifuani taratibu. Miaka yote ile nilichota maji, nikatoa wadudu, nikapigwa nilipochelewa, na sikuwahi kujua nilikuwa nanywesha kitu gani. Nikalia mbele za watu. Nilimlilia baba, na Elia pia, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilielewa kidogo alichokuwa anakitafuta mle, na bado sijamsamehe yote. Wanangu nimeshawaambia mwenyewe, kwa hiyo msijisumbue kuwapigia simu.

Wao walikaa wakinitazama kama ng'ombe aliyechanjwa. Ikapita dakika, ikapita nyingine.

"Unaona watu wangapi?" Bibi akauliza.

"Wengi kuliko kuku mliotupikia."

Hapo kicheko kikarudi, Mzee Masanja akicheka kuliko wote. Bibi Minza akamiminiwa chake, akanywa kidogo, akafumba macho, akanywa chote. Akauliza hiyo mizabibu ina umri gani, nikamwambia imenipita mimi. Akaomba kingine. Halafu akachukua birika yeye mwenyewe na kuanza kunijazia kikombe changu.

Nikakifunika kwa kiganja.

"Kimoja nimekunywa kwa ajili ya mtoto," nikamwambia. "Cha pili kitakuwa changu, na changu sikitaki."

"Ni kitamu?"

"Kitamu sana."

"Na hukitaki?"

"Sikitaki, Bibi."

Akaiweka birika chini. Kisha akamgeukia mwanawe. "Masanja, wanaoapa nimewaona wengi, na wanaovunja nimewaona wengi. Huyu amevunja kwa ajili ya mtoto wake, na baada ya kuvunja amesimama palepale. Kwenye nyumba ya watu wa namna hii mjukuu wangu atalala usingizi. Yule wa Mwanhuzi mwambieni tumemshukuru, akachunge ng'ombe wake. Pangeni siku."

Na Kabula, ambaye kwa desturi alitakiwa akae ndani kimya asisikike hadi aitwe, akapiga kigelegele huko chumbani, peke yake, kirefu, kabla ya mtu mwingine yeyote. Holo alisimama amkemee. Alifika hadi mlangoni, akakipokea.